Mawe Yamevishwa Utando, Maji Bado Yana Tindikali: Mwongozo wa Kutafuta Kosa

Mawe taka ya migodini yenye madini ya salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa kama ilivyo pairaiti, hutoa tindikali, na njia moja ya kuizuia ni kuyavisha madini hayo utando kwa dawa. Malalamiko kuhusu kazi hiyo hufanana sana. Dawa imechanganywa, imemwagwa, majuma yamepita, na mfereji ulio chini ya lundo la mawe taka bado una tope la rangi ya chungwa. Wa kwanza kulaumiwa ni dawa. Mara nyingi haina hatia: ama haikuwahi kuifikia pairaiti, ama tindikali inayotoka leo ilitengenezwa zamani, kabla dawa haijaja. Kutofautisha mambo hayo mawili ni nusu ya kazi yote iliyo hapa chini.

Dalili zimepangwa jinsi watu wanavyoziripoti. Chini ya kila moja, sababu inayotokea sana inatangulia, na kipimo rahisi kinakuja kabla ya kile cha maabara.

## Kinachotakiwa kutokea

Pairaiti (FeS2) ni chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji hutoa chuma, salfeti na tindikali. Chuma hicho hutoka kikiwa kimeyeyuka, katika umbo la Fe2+, kisha huoksidika na kugeuka Fe3+, na Fe3+ huirudia pairaiti na kuila bila kuhitaji oksijeni: ayoni 14 za Fe3+ zikishambulia pairaiti moja, hutoka ayoni 16 za haidrojeni. Kwenye maji yenye tindikali, hatua ya Fe2+ kugeuka Fe3+ huenda polepole mno, isipokuwa bakteria kama Acidithiobacillus ferrooxidans wawepo. Wakiwepo, mwendo wake unaweza kupanda hadi mara milioni.

Utando unaziba uso wa punje ili oksijeni na Fe3+ visiufikie. Njia iliyofungua mlango ni ya V. P. Evangelou wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, katika miaka ya 1990: haidrojeni peroksaidi kidogo huoksidisha uso wa pairaiti, chuma kinachotoka hapo kinakamatwa papo hapo na fosfeti au silikati iliyomo kwenye mchanganyiko, na gamba jembamba linajengeka juu ya punje. Bafa, kwa kawaida sodiamu asiteti, hushikilia pH (kipimo cha tindikali: kadiri inavyoshuka chini ya 7, ndivyo tindikali inavyozidi) kati ya 5 na 6 kazi ikiendelea. Wengine hutumia potasiamu pamanganeti kwenye pH ya juu sana, ili gamba liwe la oksaidi ya manganizi. Wapo wanaotumia mafuta na amini (kemikali za kikaboni zenye naitrojeni) zinazoifanya punje ikatae maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walitumia katekoli, kemikali ya kikaboni, kubeba titani, silikoni au alumini. Mzigo huo hutuliwa kwenye uso wa salfaidi tu, kwa sababu ni hapo ambapo katekoli huvunjika.

Jua umetumia ipi kabla ya kuendelea kusoma, maana tiba ya moja huharibu nyingine.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kipima pH kilichosahihishwa siku hiyohiyo kwa bafa za 4 na 7, kipima upitishaji umeme (huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini), lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ndoo, chupa angavu, na maji yasiyo na chumvi. Maji ya betri yanafaa. Soma lebo vizuri yasije yakawa asidi ya betri.

## Kabla ya kuinama kwenye bomba la maji

Mei 2006, kwenye mgodi wa Sullivan uliokwisha kufungwa huko Kimberley, British Columbia, Kanada, watu wanne walikufa ndani ya kibanda kidogo cha kuchukulia sampuli za maji, chini ya lundo la mawe taka lililofunikwa udongo. Salfaidi ndani ya lundo ilikuwa imekula oksijeni, na hewa iliyobaki ilikuwa ikiingia kibandani kupitia njia ileile ya maji. Watatu kati yao waliingia kumfuata aliyetangulia.

Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na haimpi mtu nafasi ya kushtuka. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kipima gesi kikisoma chini ya 19.5, usiingie. Kiteremshe kifaa kwanza kwa kamba, ukiwa nje. Huna kifaa? Chota maji kwa chupa iliyofungwa kwenye fito, wewe ukisimama mahali pa wazi penye upepo. Na mwenzako akianguka ndani usimfuate, hata kama unamwona. Ita waokoaji wenye mitungi ya kupumulia.

Ikiwa kituo chako cha kupimia maji kimejengewa kuta na paa, hilo ni jambo la kumwita mtaalamu wa usalama hata kama maji yenyewe hayana tatizo lolote.

## Dalili ya 1: pH haijapanda hata kidogo

Tindikali ya zamani. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Mawe yaliyokaa wazi misimu kadhaa yana chumvi zilizoganda juu na ndani ya nyufa. Nyeupe-kijani zinayeyuka mvua ya kwanza tu. Ya manjano kama unga, jarosaiti, huyeyuka polepole na kutoa tindikali pamoja na Fe3+. Utando hausafishi vitu hivyo. Vibaya zaidi, ukipakwa juu yake, Fe3+ inaendelea kuila pairaiti chini kwa chini. Ni sawa na kupaka rangi bati lenye kutu.

Kipimo chake hakina gharama, na ningekifanya kabla ya kutuma sampuli yoyote maabara. Chukua kilo moja ya mawe madogo kutoka sehemu iliyotibiwa, kwenye kina cha mkono mzima na si ya juujuu. Weka kwenye ndoo, ongeza maji safi ya uzito huohuo, koroga, acha saa moja. Pima pH na upitishaji umeme, andika, mwaga maji kwenye chombo cha taka. Rudia mara tano. Kisha yaache mawe hayohayo yakiwa na unyevu, wazi kwa hewa, wiki tatu au nne, uoshe tena mara moja.

Usomaji wake ni huu. Upitishaji umeme ukishuka kila mara unapoosha, na baada ya wiki za kungoja ukabaki chini, utando unafanya kazi na unachokiona mtoni ni mabaki. Ukishuka halafu ukaruka tena baada ya kungoja, tindikali mpya inatengenezwa: hapo utando hauko, au umepasuka. Usiposhuka hata baada ya kuosha mara tano, na mawe yana unga wa manjano, shuku jarosaiti; hiyo haiondoki kwa maji matupu.

Tiba ni kuosha kabla ya kuvisha, kwa maji yenye chokaa kidogo au magadi soda, hadi maji yanayotoka yakaribie pH 6. Maji ya kuoshea ndiyo makali kuliko yote utakayokutana nayo kwenye kazi hii. Yakusanye na kuyatibu. Kuyaachia kijitoni ni kuhamisha tatizo lote kwa siku moja.

Dawa haikuifikia pairaiti. Lundo la mawe taka, magwangala kama wachimbaji wengine wanavyoyaita, si sponji. Maji hufuata njia chache pana na kuacha sehemu kubwa ikiwa kavu. Ukimwaga dawa juu na baada ya muda mfupi ikatokea chini, usifurahi. Pima fosfeti kwenye maji yanayotoka kwa karatasi za kupimia: ikiwa iko karibu na kiwango ulichochanganya, dawa imepita tu bila kugusa kitu. Ushahidi wa pili ni lenzi. Pairaiti tupu inang'aa kama shaba nyeupe, kingo zake kali. Yenye gamba la fosfeti huwa imefifia, ina ukungu mweupe au wa manjano hafifu. Gamba la silika ni gumu kuliona kwa lenzi, hivyo usitoe hukumu juu yake kwa macho. Linahitaji hadubini ya elektroni.

Ukiona punje zinazong'aa pembeni mwa zilizofifia katika kiganja kimoja, dawa ilipita kwa mifereji. Nyunyizia taratibu, kwa awamu nyingi ndogo, na uache lundo lipumue katikati. Lakini niseme wazi: lundo refu lililokwisha kumwagwa ni vigumu sana kulivisha lote. Wakati mzuri wa kuvisha ni mawe yakiwa bado kwenye mkanda wa kusafirishia au yakimwagwa tabaka kwa tabaka. Baada ya hapo, afadhali uvishe tabaka la nje na uweke kifuniko juu yake kuliko kununua dawa mara tatu zaidi.

*Simama hapa* ikiwa unataka kuchimba shimo la kuangalia kwenye mteremko wa lundo au kwenye ukuta wa bwawa la tope la mabaki ya mawe yaliyosagwa. Mashimo kwenye ukuta wa bwawa ni kazi ya mhandisi wake, na dawa inayobadilisha upitaji wa maji ndani ya ukuta huo pia haipigwi bila yeye.

pH ilianguka wakati wa kuvisha. Peroksaidi ikiila pairaiti hutoa tindikali. Bafa ikiwa haba, mchanganyiko hushuka hadi mahali ambapo fosfeti ya chuma haitulii tena juu ya punje, na chuma kinaondoka na maji. Pima pH ya maji yanayotoka wakati wa kuvisha, si kesho yake. Ikishuka chini ya 4, ongeza bafa au punguza peroksaidi.

Kipimo cha dawa kilihesabiwa kwa tani. Kinachovishwa ni uso, si uzito. Punje ikipunguzwa kipenyo kwa nusu, tani ileile inakuwa na uso mara mbili. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa laini na kutolewa madini, yanakula dawa nyingi kuliko mawe makubwa ya kiasi hichohicho cha salfa.

Maji ni mazuri chemchemini, mabaya chini. Wengi huikosa hii. Maji yanatoka kwenye lundo yakiwa angavu na pH 6, na mita chache mbele yana rangi ya chungwa na pH 3.5. Hiyo ni Fe2+ inayokutana na hewa. Kila miligramu 56 za Fe2+ katika lita, zikioksidika na kutua, hudai miligramu 100 za kalisi kaboneti kutulizwa. Chota chupa chemchemini, pima, ijaze nusu, itikise, iache wazi siku mbili, pima tena. pH ikianguka na tope likatua, tatizo ni chuma kilichokwisha kuyeyuka, na tiba yake ni bwawa la kupuliza hewa na chokaa huku chini. Kurudia utando kule juu hakutakiondoa.

## Dalili ya 2: pH ilipanda vizuri, baada ya miezi ikaanguka

Usiitazame pH peke yake. pH inaonyesha mizani kati ya tindikali na kinachoituliza; salfeti ndiyo inayoonyesha pairaiti inaliwa kiasi gani. Na salfeti nayo usiisome kwa ukolezi tu, zidisha kwa mtiririko. Miligramu 2,000 kwa lita kwenye mtiririko wa nusu lita kwa sekunde ni kilo 86 hivi kwa siku. Mvua ikanyesha, ukolezi ukashuka hadi 1,200 lakini mtiririko ukawa lita moja na nusu: sasa ni kilo 155 kwa siku. Karatasi inasema maji yameboreka, mto unasema vingine.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kwamba hapakuwahi kuwa na utando. Silikati ya sodiamu na chokaa zina alkali nyingi. Zikimwagwa juu ya lundo lolote, pH itapanda hadi alkali iishe. Rudi kwenye rekodi zako. Ikiwa pH ilipanda lakini mzigo wa salfeti haukushuka, ulituliza tindikali bila kuzuia itengenezwe.

Ya pili ni kaboneti za asili za mwamba kuisha. Salfa asilimia 1 iliyo katika pairaiti hudai kilo 31.25 za kalisi kaboneti kwa kila tani ya mawe. Tone la asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 kwenye jiwe likitoa povu, kaboneti ipo. Jiwe lililokuwa likitoa povu mwaka jana na leo limenyamaza linakupa jibu. Vaa miwani na glavu kwa kipimo hicho, na usimwage asidi kwenye ndoo nzima ya mawe yenye salfaidi: baadhi, hasa pairotaiti (salfaidi nyingine ya chuma), hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu.

Tatu, gamba limeyeyuka. Fosfeti ya chuma haipendi tindikali kali, na haipendi pia mahali pasipo oksijeni, kwa sababu bakteria wa huko hugeuza Fe3+ ya gamba kuwa Fe2+ inayoyeyuka. Sehemu ya chini ya bwawa iliyojaa maji ni mahali pa aina hiyo. Gamba la silika huvumilia tindikali vizuri zaidi, ila jeli yake husinyaa ikikauka na kupasuka. Hivyo kwenye lundo linalolowa na kukauka kwa zamu, ufa kwenye silika ni wa kutarajiwa. Gamba la manganizi likikutana na maji yenye tindikali na Fe2+ huyeyuka na kuacha manganizi mtoni.

Nne, nyuso mpya: gari limepita juu, mteremko umeporomoka, jiwe limepasuka kwa joto na baridi. Hapa huhitaji kemia, tembea tu juu ya lundo ukitafuta mawe yenye mpasuko mpya unaong'aa.

Na ya mwisho, ambayo ni adimu lakini ngumu, madini si yale uliyodhani. Pairotaiti huoksidika mara 20 hadi 100 kwa kasi kuliko pairaiti, na mchanganyiko uliopimwa kwa pairaiti unaweza kushindwa kuifunika kabla haijaanza kutoa tindikali. Kama hujawahi kupima madini ya lundo lako kwa mionzi ya eksirei, hapa ndipo pa kumwita mtaalamu wa madini. Kubahatisha kipimo kingine cha dawa ni ghali kuliko kumlipa yeye.

## Dalili ya 3: Mchanganyiko unatoa povu, unachemka, unapanda joto

Peroksaidi inavunjika kuwa maji na oksijeni kabla haijafanya kazi. Kinachoivunja mara nyingi ni chuma kilichoyeyuka kwenye maji uliyochanganyia, kisha oksaidi za manganizi kwenye mawe, shaba, au udongo wenye mabaki ya majani. Weka kijiko cha mawe kwenye glasi, mimina mchanganyiko uliokwisha punguzwa makali, tazama. Viputo vichache vinavyopanda taratibu ni kawaida. Povu linalofura na glasi kupata joto mkononi maana yake dawa itaisha kabla ya kufika nusu mita ndani ya lundo.

Tumia maji safi, osha chumvi za chuma kwanza, punguza makali ya peroksaidi na uipige kwa awamu.

Maonyo hapa ni ya kufuatwa kama yalivyo. Usiirudishe peroksaidi iliyobaki ndani ya chombo chake. Uchafu kidogo wa chuma unatosha kuifanya ichemke, na chombo kilichofungwa kinaweza kupasuka. Usifunge kabisa tangi lenye mchanganyiko. Peroksaidi kali huunguza ngozi na macho, na inaweza kuwasha vitu vinavyoungua. Pamanganeti nayo usiihifadhi karibu na mafuta, gliserini wala maganda ya mbao. Wanaotumia hipokloriti badala ya peroksaidi wajue kwamba ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Tangi likianza kupata joto lenyewe, ondoka ukielekea kule upepo unakotoka na uite wazima moto, usijaribu kuliokoa.

## Dalili ya 4: Dawa inaganda njiani, au maji hayapiti tena

Hii ni ya silikati karibu kila mara. Inakaa vizuri ikiwa na alkali kali, lakini ukiishusha kuelekea pH 7 huganda haraka kuwa jeli, na maji magumu yenye kalisi na magnesi huiharakisha. Changanya nusu lita tu kwa maji yaleyale utakayotumia, ukiwa na saa mkononi. Ikiganda kabla ya muda ambao dawa inahitaji kushuka lundoni, punguza ukolezi au badilisha maji. Changanya karibu na mahali pa kupiga. Mchanganyiko wa asubuhi wa kutumia jioni ni wa kutupa.

Kwa fosfeti, kaboneti nyingi kwenye mawe huikamata na kuifanya fosfeti ya kalisi mbali na pairaiti. Dalili yake ni unga mweupe kwenye mawe yasiyo na salfaidi.

Maji yakikwama juu ya lundo au kwenye bwawa la tope na kuanza kutuama, acha kupiga dawa siku hiyohiyo. Maji yanayopanda ndani ya lundo yanaweza kuliporomosha. Mhandisi wa miamba na udongo aangalie kabla ya chochote kingine.

## Dalili ya 5: pH ni nzuri, metali zimepanda

Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi, kwa sababu maji ni angavu na samaki wanaweza hata kuonekana kwa muda.

Aseniki ikipanda baada ya dawa ya fosfeti, mshukiwa ni fosfeti yenyewe. Fosfeti na aseneti (umbo la aseniki lililoungana na oksijeni) hugombea nafasi zilezile juu ya oksaidi za chuma; ukileta fosfeti nyingi, aseneti inasukumwa majini. pH ikipanda sana nayo huisukuma aseneti majini. Kwa hiyo penye asenopairaiti, salfaidi ya chuma yenye aseniki, pima aseniki kwenye maji ya jaribio dogo kabla ya kwenda uwanjani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kisichoonekana wala kuonjwa. Ikiwa kuna mtu au mnyama anayekunywa chini ya mgodi, huu si wakati wa kurekebisha kipimo. Simamisha dawa, wajulishe watumiaji wa maji na mamlaka, ita mtaalamu wa kemia ya maji.

Zinki ni habari nyingine. Inabaki imeyeyuka kwenye pH 7, hutua vizuri karibu na 9. Isitoshe, punje ya sfaleraiti (salfaidi ya zinki) iliyogusana na pairaiti huliwa yenyewe huku pairaiti ikilindwa, kama betri ndogo. Gamba lililolengwa pairaiti linaweza kuiacha sfaleraiti wazi.

Rangi ya zambarau kwenye maji ni pamanganeti iliyozidi. Punguza. Maji yenye kijani cha mwani chini ya mgodi ni fosfeti iliyozidi, punguza pia. Na ikiwa ulitumia sabuni kama sodiamu lauryl salfeti kuua bakteria, kumbuka nguvu yake ni ya muda mfupi, na samaki hawaipendi.

## Dalili ya 6: Maabara ilifaulu, uwanjani imeshindwa

Maabara ilitumia pairaiti safi iliyosagwa na kuoshwa, ikaloweshwa yote kwenye chupa. Wewe una mawe ya saizi zote, yenye udongo na chumvi za miaka. Kabla ya kupanua, dai jaribio la chemba ya unyevu kwa mawe yako mwenyewe: hewa kavu siku tatu, hewa yenye unyevu siku tatu, kuosha siku ya saba, na kurudia kwa wiki 20 au zaidi, sambamba na mawe yaleyale yasiyotibiwa. Jaribio lisilo na chemba ya kulinganishia, usilinunue. Kisha pipa kadhaa nje, juani na mvuani.

## Dalili ya 7: Lundo linatoa mvuke, joto au harufu ya mayai viza

Usijaribu kurekebisha chochote. Mvuke asubuhi ya baridi unaonyesha pairaiti inaoksidika kwa kasi ndani na kutoa joto, na joto hilo linavuta hewa mpya kutoka chini. Kuongeza peroksaidi juu yake ni kuongeza kilekile ambacho utando ulikuja kuzuia. Harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, na harufu ikitoweka ghafla si lazima gesi iwe imeisha: kwenye kiwango cha sehemu 100 hivi katika milioni, pua hufa ganzi. Ondoa watu, weka uzio, simamisha pampu za dawa ukiwa mbali.

Mtaalamu akija atataka vitu vichache, na ukiwa navyo utamwokolea siku nyingi: aina ya dawa na ukolezi wake, tarehe na kiasi kilichopigwa, pH iliyopimwa siku ya kupiga, mtiririko pamoja na salfeti kwa kila tarehe, asilimia ya salfa na ya kaboneti kabla ya dawa, na kilo chache za mawe ambayo hayakutibiwa, yakiwa makavu kwenye mfuko uliofungwa. Hayo ya mwisho ndiyo husahaulika, na bila hayo hana cha kulinganishia.